2147483647

2147483647 (bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba) ni namba tasa yenye tarakimu kumi. Hupatikana kwa kutoa 1 katika 2³¹. Namba tasa za aina hii huitwa namba tasa za Mersenne, kwa kumbukumbu ya mtawa Mfaransa Marin Mersenne (1588–1648). Hii ni ya nane.

Uthibitisho

Namba 2ⁿ − 1 haiwezi kuwa tasa ikiwa n si tasa. Hata hivyo, n kuwa tasa hakutoshi: 2¹¹ − 1 = 2047 = 23 × 89.

Ili kuthibitisha kwamba 2147483647 ni tasa, hutosha kuonyesha kuwa haina kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, yaani 46,340. Namba tasa hadi hapo ni zaidi ya 4,700. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alipunguza kazi hiyo na kutangaza matokeo yake mwaka 1772. Kila kigawo tasa cha 2³¹ − 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62 (mara mbili ya 31), na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Mfano wa 2047 unafuata kanuni hiyohiyo: 23 na 89 zikigawanywa kwa 22 hubakiza 1; zikigawanywa kwa 8, ya kwanza hubakiza 7 na ya pili 1.

Kwa hiyo vigawo vinavyowezekana ni vya umbo 248k + 1 au 248k + 63. Ukiacha 1, namba hizo hadi 46,340 ni 373 tu, na nyingi si tasa. Hakuna hata moja inayogawa 2147483647 bila baki.

Namba kamilifu

Namba kamilifu ni sawa na jumla ya vigawo vyake vingine, kama 6 = 1 + 2 + 3. Kwa kanuni ya Euclid, 2³⁰ × 2147483647 = 2305843008139952128 ni namba kamilifu. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna kubwa zaidi itakayopatikana. Baadaye zilipatikana nyingi.

Katika kompyuta

Programu nyingi hutunza namba kamili kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi. Hivyo namba kubwa kuliko zote ni 2147483647. Tuseme ushirika wa wakulima wa zabibu wa Makutupora, Dodoma, unatumia programu ya namna hiyo inayohesabu fedha kwa senti. Salio likipita shilingi 21,474,836 na senti 47, linaweza kugeuka kuwa hasi, kana kwamba ni deni.

Saa za mifumo mingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970. Zenye biti 32 zitafika ukomo Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata zitarudi Desemba 1901. Dawa ni kutumia biti 64, ambazo ukomo wake ni 2⁶³ − 1. Namba hiyo si tasa, kwa kuwa 63 si tasa; hugawanyika kwa 7.