Kisigino Kwanza, Bei Baadaye

Mtu akiniuliza avae viatu gani kupanda mlima Kahuzi, mimi humuuliza habari za kushuka. Kupanda, karibu kiatu chochote hustahimili. Lakini kutoka kilele cha mita 3,308, kupitia mizizi ya mianzi na matope, kiatu kibaya humsaliti mwenyewe: mguu huteleza mbele, vidole hugonga ncha, na kucha hubaki nyeusi miezi mizima.

Kosa huwa ni kisigino kisichoshikwa. Kwa hiyo pale soko la Kadutu mjini Bukavu, mbele ya rundo la mitumba, usikimbilie jina lililoandikwa ubavuni, hata muuzaji akikuambia, "Papa, hii ni ya Ulaya, ni nguvu!" Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zako nene mfukoni. Funga kamba, simama kwa ncha za vidole. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, kirudishe. Halafu shuka mteremko, na Bukavu haikosi mteremko. Vidole visiguse mbele.

Sasa kikunje kwa mikono. Kikijikunja katikati kama mkeka, kila jiwe utalihisi. Kinatakiwa kujikunja penye vidole tu. Kigumu mno nacho huchosha msituni. Lakini kwenye barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109, kule Ruwenzori, soli ngumu ni lazima: ikipinda, vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya kiatu huweza kufyatuka.

Bote la mpira silidharau. Ruwenzori wapandaji hulivaa kwenye vinamasi, wakabadilisha wakifika kwenye barafu. Ila halina kamba, kwa hiyo soksi ziwe mbili.

Mwenye kamba ana kazi moja zaidi. Wakati wa kupanda, azilegeze kidogo kifundoni. Kileleni akae, agonge kisigino chini mpaka kirudi nyuma kabisa, akaze penye mkunjo wa mguu, kisha azungushe kamba mara mbili badala ya moja kabla ya kuendelea kufunga kuelekea juu, ili zile za chini zisilegee. Ni kazi ya dakika mbili, na nimeona wengi wakiiruka kwa sababu ya kupiga picha.