Kinanda cha Kompyuta na Vyombo vya Nje

Mara nyingi wenzangu wa Chama cha Muziki huniuliza: "Ikiwa kompyuta yetu ina kinanda, ngoma na mwangwi ndani yake, ya nini kuhangaika na waya na vyombo vya zamani?" Swali hili ni la haki, tena lina fedha ndani yake, maana chama chetu hakina shilingi za kuchezea. Yafaa nilijibu hapa, ili na wazazi wanaotuchangia wapate kujua tunafanya nini.

Kwanza tufahamu kinanda cha programu ni kitu gani. Hakina nyuzi wala filimbi. Ni hesabu tupu. Mwaka 1999 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilifungua njia ya vinanda vya namna hii kukaa ndani ya programu ya kurekodia. Mpigaji abonyezapo kibonye, kompyuta hupiga hesabu na kutoa tarakimu, mara nyingi 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde. Kwa hiyo shule kumi zenye programu moja, zikichagua sauti moja, zitasikika kama watoto pacha.

Chombo cha umeme cha nje hakiko hivyo. Springi iliyo ndani ya amplifaya ya gitaa hutetemeka kwa maumbile yake, na amplifaya ikilemewa hukwaruza kwa namna yake yenyewe. Hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Njia yenyewe ni hii. Kompyuta huunganishwa na kisanduku kinachogeuza tarakimu kuwa umeme, na umeme kuwa tarakimu. Tundu la 1 na la 2 la kutolea sauti huenda kwenye spika. Basi sauti ya kinanda tuitoe kwa tundu la 3, iingie katika pedali au chombo cha mwangwi, kisha irudi katika tundu la kuingizia na kurekodiwa katika njia mpya.

Hapa pana mambo matatu ya kuangaliwa sana.

La kwanza ni nguvu ya umeme. Vyombo vya studio hufanya kazi kwa wastani wa volti 1.23 hivi, lakini pedali imetengenezwa kwa gitaa, ambalo mara nyingi hutoa sehemu chache tu za kumi za volti. Ukiipa nguvu zote itakwaruza vibaya. Anza na sauti chini kabisa, kisha upandishe kidogo kidogo.

La pili ni mzunguko. Sauti inayorudi isiruhusiwe kutoka tena kwa tundu la 3. Ikitoka, itajizungusha na kuongezeka mpaka ipige yowe liwezalo kuharibu spika na masikio. Hapana budi kuhakikisha jambo hili kabla ya kufungua spika.

La tatu ni kuchelewa. Safari ya kutoka na kurudi huchukua muda. Tupeleke mlio mfupi mmoja, turekodi unavyorudi, tupime. Ukichelewa tarakimu 480, na kompyuta inahesabu 48,000 kwa sekunde, hiyo ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Waweza kudhani ni kidogo, lakini ukiichanganya na sauti ya asili, kinanda kitasikika chembamba, kama mtu asemaye kwa pua. Dawa yake ni kuirudisha nyuma sauti iliyorekodiwa kwa kiasi kile kile.

Tena tusidhani lazima kununua chombo. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa mtambo wa mwangwi uliokuwa bamba kubwa la chuma lililotundikwa ndani ya sanduku. Lakini katika miaka ile ile, studio moja mjini Phoenix, Marekani, ilitumia tangi tupu la maji! Spika iliwekwa upande mmoja na maikrofoni upande wa pili, na mwangwi huo wasikika katika gitaa la Duane Eddy kwenye santuri ya "Rebel-'Rouser" ya mwaka 1958. Nasi tunao ukumbi wenye kuta tupu na sakafu ya saruji. Spika moja, maikrofoni moja na waya mrefu vyatosha.

Walakini, liko jambo moja ambalo tusilisahau. Mwangwi ukisharekodiwa pamoja na sauti, ni vigumu kuutenganisha nayo kikamilifu. Wimbo wa kuwaaga Kidato cha Nne huimbwa mara moja tu. Mitihani ikiisha, waimbaji hutawanyika, na hakuna awezaye kuwakusanya tena. Kwa hiyo sauti kavu za waimbaji, na noti za kinanda, zihifadhiwe daima katika njia zao peke yake. Mwangwi usipopendeza, sauti kavu itapitishwa tena nje, hata baada ya mwaka mzima.

Ombi langu kwa kamati ya chama ni hili: kabla ya kutumia michango ya wazazi kununua programu nyingine, tuujaribu kwanza ukumbi wetu siku ya Jumamosi, madawati yakiwa yametolewa. Programu huuzwa kwa kila mtu, lakini ukumbi huu ni wetu, na mwangwi wake haupatikani katika shule nyingine yoyote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu