Kampuni inayolipwa ili ilaumiwe

Mtu akiomba atumiwe hela kwa simu, awe Dar es Salaam au Nairobi, haoni haya kuongeza: "Weka na ya kutolea." Makato hayo hayampendezi yeyote, lakini kila mtu anayajua. Yamebandikwa ukutani kwa wakala, na anayetuma huyapigia hesabu kabla hajaweka namba ya siri. Tiketi za muziki Marekani zimeuzwa kinyume cha hivyo kwa miaka mingi, na ndiyo maana mashabiki wa huko wanahisi wamepigwa hata pale walipopata kiti walichokitaka.

Tazama risiti moja iliyosambaa Machi 2023. Bendi ya The Cure kutoka Uingereza ilikuwa inajiandaa kuzunguka Marekani, na kiongozi wake, Robert Smith, alikuwa ameshikilia kwamba lazima ziwepo tiketi za bei nafuu. Shabiki mmoja akachukua tiketi 4 za dola 20, yaani dola 80. Ikaja ada ya huduma, dola 11.65 kwa kila tiketi. Ikaja ada ya ukumbi, dola 10 kwa kila tiketi. Mwisho ikaja ada ya kushughulikia oda, dola 5.50. Jumla akalipa dola 172.10, nyongeza ikiwa kubwa kuliko tiketi zenyewe. Smith alipopiga kelele hadharani, Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo, ilikubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya daraja la chini na dola 5 kwa zile za juu. Hapo msomaji ana haki ya kuuliza: kama ada ile ilikuwa gharama halisi ya kuuza tiketi, sehemu yake imewezaje kurudishwa kwa siku chache tu za kelele?

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ada ni bei ya tiketi iliyomegwa pembeni na kupewa jina jingine. Ili kuelewa kwa nini imemegwa, turudi nyuma kidogo.

Ticketmaster ilianzishwa Arizona mwaka 1976. Mpinzani wake mkubwa enzi hizo, Ticketron, alikuwa akiwatoza wenye kumbi kwa kazi ya kuwauzia tiketi. Mwaka 1982 uongozi wa Ticketmaster ulishikwa na mwanasheria wa New York, Fred Rosen, ambaye aliugeuza utaratibu huo miguu juu: badala ya ukumbi kulipa, ukumbi ulipwe. Shabiki atozwe ada, mwenye ukumbi apate fungu lake, mara nyingine na kitita cha kutanguliza, naye aipe kampuni haki ya kuuza peke yake tiketi zote za ukumbi huo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1991 Ticketron ikamezwa na mpinzani wake.

Ukiuchunguza mpango huu utaona kwamba mteja anayegombewa ni mwenye ukumbi. Kampuni mbili zikitaka ukumbi mmoja, itakayoshinda ni ile inayoahidi fungu nono zaidi, na fungu nono linatoka kwenye ada kubwa. Tumezoea kuambiwa kwamba ushindani hushusha bei. Kwenye biashara hii ushindani wenyewe unaweza kuipandisha, kwa sababu anayelipa hayumo chumbani mkataba unaposainiwa. Kwetu ukiona makato ya mtandao mmoja wa simu yamezidi, unahamia mwingine. Shabiki wa msanii fulani, anayetumbuiza kwenye ukumbi fulani, Ijumaa fulani, ana mlango mmoja tu.

Tena kila aliyemo ndani anafaidika na ukungu huo. Ada ya ukumbi kwa kawaida hupangwa na ukumbi wenyewe na kuingia mfukoni mwake. Ada ya huduma hugawanywa, na promota naye anaweza kuwa na mkono humo. Msanii bango lake linasomeka dola 20, jina lake linabaki safi. Lawama zote zinaangukia nembo iliyo juu ya ukurasa wa malipo. Kubeba lawama hizo ni sehemu ya huduma ambayo kampuni ya tiketi inawauzia wenye kumbi, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu wanayoithamini kuliko zote.

Waliojaribu kupambana na mpango huu wapo. Bendi ya Pearl Jam ilitaka tiketi zake zisifike dola 20 na ada isizidi dola 1.80, na Juni 1994 wanamuziki wake wawili walikwenda kutoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani. Mwaka uliofuata Wizara ya Sheria ikafunga uchunguzi wake juu ya Ticketmaster bila hatua. Mwaka 2010 Ticketmaster ikaungana na Live Nation, promota mkubwa mwenye kumbi zake, na hapo fungu la ukumbi, la promota na la muuza tiketi yakaweza kuwa mifuko mitatu ya kanzu moja. Ilibidi mauzo ya awali ya ziara ya Taylor Swift yavurugike Novemba 2022 ndipo Baraza la Seneti likaitisha kikao, na Mei 2024 Wizara ya Sheria ikafungua kesi ya kutaka muungano huo uvunjwe. Live Nation ilikanusha kwamba ilikuwa imehodhi soko.

Lakini mbona ada ijitokeze mwishoni? Jibu la swali hili limepimwa. StubHub, soko la mtandaoni ambako watu huuza tena tiketi walizonazo, liliamua mwaka 2014 kuonyesha bei kamili tangu mwanzo. Mwaka 2015 likafanya jaribio: nusu ya wateja wa Marekani wakaendelea kuona bei kamili, nusu nyingine wakafichwa ada hadi hatua ya kulipa. Tiketi zilezile, ada ileile. Waliofichwa walitumia takriban asilimia 21 zaidi, na walichagua viti vya ghali zaidi. Si kwamba walikuwa wajinga. Ada inapotokea, mtu ameshachagua kiti, ameshawaambia wenzake, na saa kwenye skrini inahesabu dakika zilizobaki. Baada ya kuona matokeo, StubHub ikairudisha ada mafichoni. Kampuni iliyokuwa mkweli kwa hiari ilikuwa inapoteza mauzo kwa wasio wakweli, na ndipo sheria inapohitajika.

Sheria imekuja. Tangu Mei 12, 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inamtaka muuza tiketi za maonyesho ataje jumla ya ada zote za lazima, ukiacha kodi, tangu bei inapoonekana mara ya kwanza. Uingereza nayo ilipiga marufuku bei ya kudondoshwa matone matone, yaani ada za lazima kuongezwa moja moja njiani, kuanzia Aprili 6 mwaka huohuo. Ni hatua nzuri, na mtu ataweza angalau kulinganisha. Hata hivyo, kanuni ya Marekani haikuweka kikomo cha ada. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikuta mwaka 2018 kwamba ada kwa wastani zilikuwa asilimia 27 ya bei ya tiketi, na asilimia 31 kwenye soko la kuuza tena. Kuzitaja mapema hakuzipunguzi. Zitashuka pale ukumbi utakapokosa faida ya kumkabidhi mtu mmoja ufunguo wa mlango wake.

Kwa sasa, msomaji wetu uliye Minneapolis au Houston, kabla hujabofya piga simu ukumbini uulize kama dirisha la tiketi liko wazi. Kumbi nyingi huuza hapo bila ada ya huduma, au kwa ada ndogo kuliko ya mtandaoni. Lakini ada ya ukumbi utailipa hata hapo.