Ukuta wa Kisima: Kazi ya Wayunani na Warumi wa Kale

Kisima kisicho na ukingo ni shimo la hatari. Mtoto achezaye hutumbukia, mbuzi mwenye kiu hutumbukia, na mvua inyeshapo huzoa taka za uwanjani na kuzimimina ndani. Jambo hilo Wayunani na Warumi walilijua tangu kale, nao wakalitafutia dawa.

Katika mji wa Athens, watu wengi walitegemea visima. Mwandishi Plutarch aeleza kwamba Solon, mtunga sheria wa karne ya 6 K.K., aliamuru mtu akaaye karibu na kisima cha watu wote achote humo. Aliye mbali na achimbe chake. Na akichimba pima 10 asipate maji, ateke kwa jirani mara mbili kwa siku, kwa kipimo. Maji ya thamani hiyo hayakuachwa wazi. Midomo ya visima ilizungushiwa mawe au udongo wa kuchoma. Na pengine mtungi mkubwa wa akiba, uliokatwa kitako, ulifanywa ukingo.

Warumi waliuita ukuta huo puteali. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 B.K., mvua iliingia nyumbani kwa uwazi wa paa, ikaanguka katika birika, kisha ikateremka katika tangi lililojengwa chini ya sakafu. Juu ya mdomo wa tangi hilo ndipo uliposimama ukuta. Hata leo yaonekana mifuo katika kingo za mawe: kamba laini, iliyovutwa kila siku miaka mingi, imelikata jiwe gumu.

Mjini Rome, kando ya chemchemi ya Juturna iliyofukuliwa mwaka 1900, palikutwa puteali ya marumaru yenye jina la Marcus Barbatius Pollio, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa mji. Tena palikuwapo puteali isiyo na maji kabisa. Mahali palipopigwa na radi palihesabiwa kuwa patakatifu, pasikanyagwe. Basi pakazungushiwa ukuta wa namna ya kisima. Sura ya mmoja wao, ulioitwa kwa jina la Scribonius Libo, ilichorwa katika sarafu za fedha mwaka 62 K.K.

Hivyo ukuta uliojengwa kwanza kulinda mtoto na maji ya kunywa ulipata heshima ya kuchorwa katika fedha za dola.