Neno "boy": wakati gani ni rafiki, wakati gani ni tusi?



Leo ninataka tuongee juu ya neno moja dogo la Kiingereza, lenye herufi tatu tu: boy. Najua wengine mtasema, "Hata mtoto wa primaire anajua, maana yake ni garçon." Ngojeni kidogo.

Wakati nilikuwa stajeri mu kampuni moja ya mine hapa Lualaba, mkubwa wetu wa kazi, mgeni wa kutoka mbali, aliniomba tablo ya sampuli za madini kabla ya saa sita. Saa tano nilikuwa nimemaliza. Akaiangalia, akanipiga-piga ku bega, akasema "Good boy", akaenda zake. Mimi nilifurahi. Lakini mekanisyen mmoja Mzambia aliyekuwa karibu hakufurahi. Aliniuliza polepole kama tuna mbwa nyumbani. Nikasema ndiyo. Akauliza tena: "Akikurudishia kijiti ulichotupa, unamwambia nini kwa Kiingereza?"

Jioni nilimsimulia kambo, nikifikiri atacheka. Kambo aliingia kazi wakati ingali Union Minière, akatoka wakati imekuwa Gécamines. Hakucheka. "Alikuita boyi? Na weye ulijibu nini?" Nikasema nilijibu thank you. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Shiye tulitumika miaka mingi juu ya kutosha ile jina."

Njo pale nilianza kufuatilia hili neno.

Kwanza, mu Kiingereza chenyewe. Sisi tunafikiri boy ilianza kuwa mtoto mwanaume, kisha Wazungu wakaiharibu kwa kumpa mtumishi. Sivyo. Mu maandishi ya zamani, miaka ya 1300 hivi, boy alikuwa mtumishi, au mtu wa chini asiye na heshima. Maana ya mtoto ilikomaa baadaye. Kifaransa kilifanya karibu vilevile: garçon wa zamani alikuwa mtumishi wa bwana, na mpaka leo mu restora wengine wanamwita mtu wa ndevu "garçon". Kwa hiyo cheo na umri vimechanganyika ndani ya hili neno tangu mwanzo. Anayekutumikia ni mtoto, hata kama amekuzidi miaka.

Ilifikaje kwetu, inchi ya Kifaransa? Jibu ni njia ya treni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na ndani yake mulikuwa pesa za Waingereza kupitia Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Treni haikutoka Kinshasa. Ilitoka kusini, ikipita Rhodesia, ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, 1910. Pamoja na treni walikuja Wazungu wa Kiingereza, na wafanyakazi wengi wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wabelgiji waliogopa sana Kiingereza kisiwashinde mu koloni yao wenyewe, na miaka ya 1920 wakapunguza watu wa Rhodesia, wakatafuta wafanyakazi upande mwingine, kama Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Watu walibadilika, lakini neno lilibaki.

Mu mine za Afrika ya Kusini kulikuwa hata cheo kilichoitwa "boss boy": mtu mweusi anayesimamia kikundi cha weusi wenzake. Angalieni lile jina vizuri. Boss imetoka kwa baas ya Kiholanzi, maana yake bwana. Wakamuweka mtu mmoja kuwa bwana na mtumishi kwa pamoja, ili asisahau pale anapoishia. Kwetu cheo kama hicho kilikuwa kapita, neno la Kireno, ambalo angalau halimrudishi mtu utotoni.

Kifaransa cha koloni nacho kililichukua boy, kikalizalisha. Boy alikuwa mtumishi wa nyumba. Boyesse, mwanamke wa kazi hiyohiyo. Boy-chauffeur, msaidizi wa dereva wa kamyo. Boyerie, kale kanyumba ka nyuma ya parseli ambamo boyi alilala. Mtu yeyote aliyekaa mu makartye ya zamani ya Wazungu, Kolwezi ao Lubumbashi, anajua boyerie. Leo familia nzima inapanga mule na kulipa kila mwezi. Ku shule wengi wetu tulisoma ao tulisikia Une vie de boy ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, iliyotoka 1956. Tanzania nao wana "boi", na liko mu kamusi zao: mtumishi wa kiume wa nyumbani.

Sasa tuje ku zile maana za leo, zile mnazosikia mu filamu na mu muziki. "My boy" kati ya vijana ni rafiki wa kweli, mtu unayeweza kumuachia simu yako bila kodi. "The boys" ni kundi letu. "Oh boy!" haimuiti mtu yeyote, ni mshangao tu, kama sisi tunavyosema "mama yangu!" "Old boy" ni mtu mliyesoma naye shule moja, kwa hiyo sisi wa chama hiki wote ni old boys (dada zetu watatuvumilia, Kiingereza kina old girls pia). Na "good boy" ni sifa ya mtoto mdogo. Na ya mbwa, kama Mzambia alivyonikumbusha.

Neno ni lilelile. Kinachobadilika ni nani anamwambia nani, kwa sauti gani, na nani anasikia. Rafiki yako anaweza kukuita my boy kwa sababu na wewe unaweza kumrudishia. Mkubwa wa kazi akikuita boy, jaribu kuwaza kama unaweza kumrudishia. Kama hauwezi, basi hapo neno limerudi ku maana yake ya kwanza, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Msifikiri ni sisi tu tunaosumbuka nalo. Marekani, mtu mweusi mwenye wajukuu alikuwa akiitwa boy na kijana mweupe. Mwaka 1968, wazoa taka wa Memphis wapatao 1,300 waligoma, na mabango yao yaliandikwa maneno manne tu: "I AM A MAN", mimi ni mwanaume mzima. Na si mambo ya zamani pekee. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku huko Alabama walishitaki kwamba walinyimwa cheo, na kwamba mkubwa wao alikuwa akiwaita boy. Korti ya rufaa ilisema boy peke yake, bila neno la rangi mbele yake, haionyeshi ubaguzi. Mwaka 2006 Korti Kuu ya Marekani ikakataa hilo: mtu aangalie mazingira, sauti, desturi ya mahali na historia ya neno. Yaani majaji walifika palepale kambo alipokuwa amekaa ku kiti chake.

Nilifanya nini na mkubwa wangu? Mara ya pili aliposema "boy", nilimwambia jina langu, kwa upole, na "sir" mwishoni. Alishtuka kidogo. Sidhani alikuwa na ubaya. Tangu siku ile aliniita kwa jina. Ninyi mnaotafuta kazi mu hizi kampuni, wapi Kiingereza kinapanda kila mwaka, jueni hiyo inawezekana bila kugombana.

Lakini kuna jambo ninaona haya kuliandika. Kwetu nyumbani kuna baba mmoja anayefua nguo na kuangalia bustani. Ana watoto wanne. Sheria yetu ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamwita mfanyakazi wa nyumbani. Sisi wote tulikuwa tunamwita boyi, na kambo pia, ile jioni ileile. "Boyi, leta maji." Aliyaleta, akatuwekea mezani, wakati mimi nikilalamika juu ya "good boy" yangu.

Kesho yake nilimuuliza anapenda tumuite namna gani. Aliniangalia kama ninamtega. Kisha akasema: "Muniitake Baba na jina la mutoto wangu wa kwanza, sawa vile banafanya ku kartye yetu." Mama alikubali palepale. Kambo bado anajisahau.