Kuku Yupo au Ipo? Mgeni kwa Mama Lishe

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetua Iringa akitokea Marekani au Ujerumani mara nyingi ameshakimaliza kitabu. Ngeli anazo, nyakati anazo. Anaingia kwa mama lishe pale Mashine Tatu, anasema, "Ninataka wali na maharage," na mama anabaki kumtazama.

Sarufi iko sawa. Kilichokosekana ni salamu. Shikamoo itangulie, ijibiwe marahaba, ndipo chakula kitajwe: "Mama, naomba wali maharage." Ile "na" ya kitabuni haina kazi hapa. Wali nyama, ugali samaki, ndizi nyama: ni jina la sahani nzima. Nayo "nataka" si tusi, ila ina ubavu. Watu huomba hata kile wanachokilipia.

Kuagiza ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuelewa unachojibiwa. Vibanda vingi havina orodha iliyoandikwa, mama huitaja yote kwa pumzi moja huku akipakua. Mgeni akiuliza kama kuna kuku, huenda akajibiwa, "Ipo." Darasani aliambiwa "yupo", maana kuku ana uhai. Wanasarufi watanuna, lakini mimi naona wauzaji wana mantiki yao: wa bandani yupo, ya sufuriani ipo.

Wanaoona haya hukimbilia mgahawa wa Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha. Wahudumu wake ni viziwi, na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi au hutumia ishara. Kwa anayeanza ni nafuu kubwa, kwani hakuna wa kumharakisha, na tahajia inapata mazoezi. Wapo wanaoondoka na alama chache za mikono kabla ya kujua kuagiza chai kwa mdomo. Simlaumu mtu, kahawa yao nzuri. Ila sikio halipati zoezi pale.

Ndiyo maana huwashauri wanafunzi wapande basi hadi Mbeya, wakale sokoni Mwanjelwa. Watalii wa Hifadhi ya Ruaha hupitia zaidi Iringa, kwa hiyo Mbeya Kiingereza cha mezani ni haba. Tena wazee wengi wa Kinyakyusa na Kisafwa nao walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani, kwa hiyo wanamvumilia anayejikwaa. Jirani wa mezani atamwambia, "Karibu tule." Hapo hatakiwi kunyoosha mkono kwenye sahani ya mtu, "asante, endelea" inatosha.

Mgeni asiende kula saa saba. Saa hiyo makondakta na wachuuzi wamejaa na mama hana nafasi ya mtu. Saa nane na nusu masufuria yamepungua, mama ameketi, anauliza kwenu mnakula nini. Sasa jaribu kumweleza mtu aliyekulia milima ya Uporoto, kwenye mashamba ya viazi, kwamba kwenu viazi huvipondaponda kwa maziwa na siagi. Atataka kujua vilikosa nini vikiwa vizima.