Hukumu mpya ikitoka, aliyefungwa zamani anaachiwa?

Mtu wa Mbagala au Tandale akisikia redioni kwamba mahakama imesema adhabu fulani inakiuka haki, na ana ndugu aliyefungwa Ukonga kwa adhabu hiyohiyo, swali lake la kwanza ni moja: anatoka lini? Jibu huwa chungu. Hukumu mpya haimfuati mfungwa gerezani. Ni lazima mtu aipeleke mbele ya mahakama yenye mamlaka juu ya shauri lake, tena mlango uwe bado wazi.

Chukua adhabu ya kifo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilimtaka jaji amhukumu kunyongwa kila aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, bila kupima mazingira ya tukio. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilisema katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Iliiagiza Tanzania irekebishe sheria ndani ya mwaka mmoja na iwasikilize upya waombaji hao kuhusu adhabu. Adhabu tu, hatia ilibaki. Wengine waliokuwa wakisubiri kunyongwa hawakuguswa na amri hiyo ya kusikilizwa upya.

Siku chache kabla ya hukumu hiyo, Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi Arusha. Tangu 22 Novemba 2020 njia hiyo imefungwa kwa kesi mpya.

Uganda ilifanya vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, Mahakama ya Juu iliwagawa wafungwa: ambao rufaa zao zilikuwa hazijaisha warudi Mahakama Kuu wajitetee kuhusu adhabu, na waliokaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa kuisha, adhabu yao igeuke kifungo cha maisha. Kila mmoja alijua yuko kundi gani. Kenya haikuweka mpaka huo mapema. Baada ya hukumu ya Muruatetu ya Desemba 2017, hata waliofungwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu na makosa ya kujamiiana waliomba adhabu zipimwe upya, na baadhi ya mahakama zikakubali. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema ilihusu mauaji tu.

Huku kwetu, Katiba, ibara ya 13(6)(c), inakataza adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo kosa lilipotendwa. Kuhusu adhabu iliyolegezwa baadaye, ibara hiyo iko kimya. Kwa hiyo uliza kwanza: rufaa imefikia wapi? Kama bado inasubiri kusikilizwa, wakili anaweza kuitumia hukumu mpya. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda, akiwa na sababu ya msingi. (Kituo Jumuishi cha Temeke ni cha mirathi na ndoa, usipoteze nauli.)

Mahakama ya Rufani ikishaamua, inaweza kupitia upya uamuzi wake kwa sababu chache, kama kosa la wazi kwenye kumbukumbu au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, na ombi hilo lina siku 60. Tafsiri mpya ya sheria miaka 10 baadaye haimo. Hapo kinachobaki ni msamaha wa Rais, chini ya ibara ya 45.